Akhonya Alimsaidia Nani

Hebu niambie wewe unayesikiliza: moto ukizimika jikoni kwako alfajiri, unga umeshapimwa na maji yako kwenye sufuria, utaenda kuomba moto kwa nani? Najua utasema, mimi nina kiberiti. Haya, kaa nacho. Khalayi naye alikuwa nacho, tena kabati zima lilinukia kiberiti, na bado mwaka ule alikosa mtu hata mmoja wa kuongea naye kabla jua halijapanda.

Ulikuwa wakati miwa imeshika nchi. Kuanzia Mumias kuja kwetu watu walipanda miwa mpaka ukutani. Palipokuwa na wimbi, miwa. Palipokuwa na njugu mawe, miwa. Wengine waling'oa hata viazi vitamu vya nyuma ya choo wakatia miwa. Matinga ya kampuni yalikuja kulima, wakataji wakaja kukata, matrela yakabeba, na mwenye shamba alibaki amesimama kando na mikono nyuma kama mgeni kwenye harusi. Pesa zilikuja, sitakudanganya. Mabati yalimetameta kila upande, redio zikaimba mpaka betri zikachoka, na wanaume wasio na mahali pa kwenda wakaanza kuvaa saa.

Lakini muwa ni mrefu kuliko mtu, na hapo ndipo taabu ya Khalayi ilipoanzia. Zamani alikuwa akisimama mlangoni kwake anaona moshi wa Navalayo ukichuja kwenye nyasi za paa, ng'ambo ya shamba la mtama. Kwa moshi ule alijua rafiki yake yuko jikoni. Alijua hata kama amekasirika, maana Navalayo akikasirika hutia kuni mbichi. Sasa alikuwa akisimama pale pale anaona ukuta wa kijani, na majani yake yanasuguana shhh, shhh, kama watu wanaosengenya wakakuona unakuja.

Wanawake hawa wawili waliolewa msimu mmoja katika ukoo mmoja. Mbele ya watu waliitana kwa watoto wao, Mama Chrispinus na Mama Pascalia, lakini wakiwa peke yao waliitana majina waliyotoka nayo kwa baba zao. Waliwazika waume zao. Pascalia, binti wa pekee wa Navalayo, aliolewa mbali Lugari kwa watu wa mahindi. Watoto wa kijiji chote walimwita Navalayo Kukhu, yaani nyanya, na ndiye aliyejua hadithi kuliko wote.

Kila asubuhi Navalayo alikuja kwa Khalayi kuomba moto. Alikuja na kigae cha chungu kilichovunjika, ndani ametia majivu, na kigae kingine cha kufunikia. Kwetu moto hauchukuliwi ukiwa umesimama. Unaketi kwanza, unaulizwa habari, nawe unauliza. Khalayi alimsogezea kigoda cha miguu mitatu, akampa kiazi kilicholala kwenye majivu usiku kucha, ngozi imekauka na ndani ni asali tupu. Waliongea. Mara nyingi waliongea mpaka kaa lililokwisha wekwa kwenye kigae likawa jeusi, wakachagua jingine, wakacheka.

"Wewe mwanamke hujui kutunza moto," Khalayi alikuwa akimtania. "Nani alikufunda?"

"Mama mkwe wangu. Naye alifundwa na mama yako."

Kisha Chrispinus, mtoto wa Khalayi, akapata kazi ya ukarani kwenye mizani ya kiwanda, mahali matrela yanapopimwa. Akajenga nyumba ya matofali na sakafu ya saruji, akamtoa mama yake kwenye nyumba ya udongo. Na lile shamba la mtama lililokuwa katikati akalitia miwa, ukabaki ujia mwembamba ambao watu wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma.

Miwa ilipokomaa na majani yake ya chini kukauka, Chrispinus alikuja kwa mama yake uso umekunjamana.

"Mama, Kukhu anapita na moto kwenye miwa."

"Anapitanga na moto tangu hujazaliwa."

"Wakati huo kulikuwa na mtama. Kaa moja likidondoka pale, shamba lote linakwenda, la kwetu na la jirani. Na wiki iliyopita si alianguka? Si aliumia goti? Kama angeangusha moto je?"

Kweli Navalayo alikuwa ameteleza kwenye matope ya ujia akachubuka goti, akafika kwa Khalayi anachechemea na kucheka. Khalayi alifikiria goti lile. Akafikiria na miwa pia, kwa nini nikufiche, maana ada ya shule ya wajukuu ilikuwa imesimama pale shambani na majani kichwani.

"Mnunulie kiberiti," alisema. "Nunua pakiti nzima. Mwambie asisumbuke kuja, goti lipone kwanza."

Chrispinus alinunua, akapeleka kwa baiskeli akienda kazini. Tangu siku hiyo Navalayo hakukanyaga kwa Khalayi.

Khalayi alingoja. Ukipewa kitu kwetu unakuja kushukuru, na huo mguu wa kushukuru ndio Khalayi aliokuwa akiutegea sikio. Aliacha viazi kwenye majivu, asubuhi akavila mwenyewe. Goti litakuwa halijapona, alisema. Kisha akamwona Navalayo kanisani, anatembea sawasawa. Naye akamsalimia kwa mkono mlegevu, "Mulembe, Mama Chrispinus," akapita. Jina la mbele ya watu, ilhali walikuwa wawili tu pale chini ya ukuta wa kanisa. Khalayi akarudi nyumbani na lile jina linamwasha mwili mzima. Ni vipi? Nimempa kitu, ananinunia?

Akaona aibu kwenda. Atakwenda kusema nini, kudai ashukuriwe?

Nyumba ya saruji ilikuwa na vyumba vya kutosha na baridi ya kutosha. Chrispinus aliondoka mapema, mkewe Mildred alikuwa muuguzi wa zahanati, naye aliondoka mapema. Watoto, shule. Khalayi alipangusa viti ambavyo hakuna mtu aliyevikalia, akanyoosha vitambaa vya kufuma juu ya viti hivyo, akaenda dirishani akatazama miwa. Jioni Chrispinus alimwuliza, "Mama, unataka nini nikuletee kutoka Mumias?" Naye alijibu, "Sitaki kitu, baba," kwa sababu alichotaka hakikuwa kikiuzwa huko.

Ikafika Jumamosi ya kuiombea nyumba. Kina mama wa kanisa walikuja na vitenge vya sare, mwalimu Nehemiah wa shule ya msingi akaja na mkewe, majirani wakaja kwa kufuatana kwenye ujia kama siafu. Navalayo naye alikuja, kwa sababu asingekuja ingekuwa matusi. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mgongo haujagusa kiti, mfuko wake mapajani. Aliombea kila chumba pamoja na wengine, akasema amina kila mahali. Alikula obusuma, ugali wa kwetu, kidogo tu na paja la kuku, akanawa. Khalayi alimwangalia tangu mwanzo mpaka mwisho na hakujua aanzie wapi.

Baada ya chakula watu walishiba na kulegea, na mwalimu Nehemiah akasema, "Sasa Kukhu atupe Akhonya. Nyumba mpya haiombewi bila Akhonya."

Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyelelewa kule asiyejua hadithi ya Akhonya, ambaye jina lake maana yake ni anayesaidia. Watoto wa shule waliigiza. Wanaume waliwapa wana wao jina hilo.

Navalayo alikohoa, akaanza. Alisimulia vile inavyosimuliwa siku zote. Kwamba zamani nchi nzima ilikuwa na moto mmoja tu, na moto huo ulikaa kilimani kwa ajuza mmoja. Anayetaka moto hupanda. Akifika, ajuza humwambia, "Keti kwanza," na kumwuliza habari za kwao, mtu kwa mtu mpaka mbuzi, ndipo humpa kaa. Siku moja kulikuwa na mvua ya mawe, na mama yake Akhonya alikuwa na kichanga. Moto ukazimika. Hapo watu wote sebuleni waliitikia wimbo, maana kila mtu anaujua:

"Nani apande?"

"Mama apande!"

"Kilima kinateleza!"

"Mama apande!"

Mama alipanda. Ajuza akamwambia, keti kwanza. Aliporudi, kichanga kimekufa kwa baridi. Akhonya akalia, akaapa, akapanda kilima akauiba moto wote katika pembe ya ng'ombe, akagawa kwa kila nyumba. Kila nyumba ikawa na moto wake, mtu hakumwomba mtu tena. Akhonya akapewa ng'ombe na mke. Ajuza akabaki na majivu, akafa na uchoyo wake.

Watu walikuwa wameshainua mikono kupiga makofi. Navalayo akainua wake.

"Ngojeni. Nimeisema hadithi hii tangu nina meno yote. Leo nataka kuuliza. Mbaya ni nani?"

"Ajuza!" watu walisema kwa pamoja, wanacheka.

"Alimnyima nani moto?"

Mikono iliyokuwa imeinuliwa ikashuka.

"Nitajieni mmoja. Mtu mmoja aliyepanda akarudi mikono mitupu."

"Kukhu," mwalimu Nehemiah alisema, anatabasamu, "alimchelewesha mama mwenye kichanga."

"Vizuri, mwalimu. Huyo mama alipandaje kilima?"

"Kwa miguu."

"Na miguu ya Akhonya ilikuwa wapi? Nyinyi mnaimba, hamsikii mnachoimba. Nani apande? Mama apande! Mwanamke ametoka kujifungua, mvua ya mawe, kilima kinateleza, na nyumbani kuna kijana mwenye nguvu za kupanda baadaye na pembe ya ng'ombe begani. Mbona hakupanda siku ile? Siku ya kuomba miguu inauma, siku ya kuiba imepona?"

Kina mama waliangua kicheko. Mmoja akapiga paja, "Uwii, kweli! Wanaume!"

"Lakini mama angeweza kusema, nina mtoto nyumbani," mke wa mwalimu alisema.

"Alisema? Hadithi haisemi. Mimi naona alikuwa amechoka, akaambiwa keti, akaketi. Labda ndiyo mara ya kwanza kuambiwa hivyo tangu ajifungue."

Kicheko kikapungua. Navalayo sasa hakuwa akimtazama mtu. Alitazama kitambaa cha kufuma kilicho kwenye kiti cha mbele yake.

"Kifo cha kichanga kilimwuma Akhonya, sikatai. Mimi pia nimezika. Lakini aliona aibu yake mwenyewe, akatafuta wa kumbebesha. Akasema kosa ni la kule kuketi. Mnajua kule kilimani watu walikuwa wakifanya nini? Walijua nani mgonjwa, nani amepata mtoto, nani hajaonekana. Hajapanda kwa siku mbili, hebu kamtazameni. Akhonya alipogawa moto, kila mtu akafunga mlango wake. Mnasema ajuza alikufa kwa uchoyo. Nani alikuwa pale akamwona anakufa? Hakuna aliyepanda tena! Walijuaje ni uchoyo?"

"Lakini Kukhu," Chrispinus alisema kutoka mlangoni, amesimama na saa yake mkononi, "watu walipata moto. Maendeleo si ndiyo hayo? Alitaka kusaidia."

"Ndiyo, mwanangu." Sauti ya Navalayo ilikuwa ya upole kabisa. "Akhonya hakumchukia yule ajuza. Alimsaidia tu mpaka akafa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Nehemiah alisema hadithi hii atalazimika kuifikiria tena, na mkewe akaomba wimbo wa kufunga. Walipoimba, Khalayi alianza kukusanya sahani kabla wimbo haujaisha. Kiberiti. Huyu mwanamke amenisimamisha kizimbani nyumbani kwangu, siku ya kuombewa, na kosa langu ni kiberiti.

Wageni walipoanza kuaga, Navalayo alikuwa ameshatoka.

Khalayi hakuaga mtu. Alichukua bakuli, akatia obusuma na nyama, akafunika kwa sahani, ili mtu akimwuliza aseme anampelekea mgeni fungu lake. Akaingia kwenye ujia.

Tangu miwa ipandwe hakuwahi kupita pale. Alikuwa mtu wa kujiwa, si wa kwenda. Hatua chache tu nyumba ikapotea nyuma yake, kelele za watu zikakatika kama zimefungiwa mlango. Majani yalimkata mkononi. Jua lilikuwa bado juu, lakini chini mle lilifika limechujwa, la kijani, na joto lilisimama bila upepo. Aliita, "Navalayo!" na jina halikwenda mbali, liliangukia miguuni pake. Akaogopa, mwanamke mzima, kwenye shamba la mtoto wake. Akawaza: alikuwa akipita hapa kila asubuhi, giza halijaisha, na goti lile.

Alimkuta ameketi nje ya nyumba yake, anachambua mboga, kitenge cha kanisa bado kimefungwa kiunoni.

"Karibu, Mama Chrispinus."

"Usiniite hivyo!" Khalayi aliweka bakuli chini kwa kishindo mpaka mchuzi ukaruka. "Umenifanya mwizi mbele ya watu. Mimi, Akhonya! Nilikukosea nini? Nilikununulia kiberiti kwa sababu ulianguka, badala ya kushukuru unanipitia kanisani kama mti!"

"Nishukuru kufukuzwa?"

"Nani alikufukuza?"

"Mtoto wako alisimama hapo, hata baiskeli hakushuka. Nikamwambia karibu uji, akaniambia kwa Kiswahili, kile cha ofisini. 'Kukhu, kiberiti hiki. Mama amesema usisumbue kuja.'"

Khalayi akalirudia lile neno mdomoni bila sauti.

"Usisumbuke," alisema. "Nilisema asisumbuke. Usijipe taabu, goti lipone. Si usisumbue!"

"Mimi nilisikia usisumbue."

"Alikosea! Au wewe ulisikia vibaya. Kiswahili chenyewe tumejifunza ukubwani, Navalayo, herufi moja tu imepungua hapo!"

"Herufi moja." Navalayo aliangusha mboga kwenye ungo. "Na miezi yote hii ulishindwa kuja kuileta?"

Khalayi aliketi chini, pale pale kwenye udongo, na kitenge chake kipya.

"Niliogopea na miwa pia," alisema. "Chrispinus alisema utaichoma. Sikukataa."

"Najua. Ningekuwa wewe ningeogopa pia." Navalayo akafanya kitu ambacho Khalayi hakukitegemea: akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Wewe mwenyewe umenitania kila siku, sijui kutunza moto. Mwanamke gani aliyezaa na kuzika hajui kufukia kaa kwenye majivu likalala mpaka asubuhi? Moto wangu haujawahi kuzimika, Khalayi. Nilikuwa naumwagia maji."

"Unaumwagia maji?"

"Kila asubuhi. Nikishaamka tu, kikombe kimoja. Kisha nachukua kigae nakuja kwako. Na kiberiti nilikuwa nacho ndani, Pascalia alininunulia mwaka alioolewa."

Khalayi alimkodolea macho. Alitaka kucheka, na kilichotoka hakikuwa kicheko.

"Mbona hukusema ulikuwa unakuja tu?"

"Nije kwa mtu kila asubuhi bila sababu? Waseme Navalayo amekuwa ombaomba wa maneno?" Akasukuma ungo kando. "Basi mimi nimesema. Nilitaka kuketi na wewe, yakaisha. Na wewe je? Umekaa kwenye nyumba ile ya saruji umenyamaza kama picha ya ukutani. Ulikuwa unataka nini?"

Sitaki kitu, Khalayi alikuwa karibu kusema, maana ulimi wake ulishazoea. Akautazama ujia aliotokea, na miwa iliyosimama pande zote mbili. Akafuta pua kwa ncha ya kitenge.

"Nilitaka mtu aniulize nimelalaje," alisema. "Tangu uache kuja, Navalayo, hakuna mtu ameniuliza."